Namna ya kupima ruti ya daladala kwa simu na daftari

Kifaa cha GPS kilichofungwa kwenye daladala kitakuambia gari lilipita wapi, lilisimama wapi na lilikwenda kwa mwendo gani. Hakitakuambia kwamba abiria aliyepandia kituo cha Lugalo, Dar es Salaam, alikuwa amesimama kituoni nusu saa, magari mawili yakampita yamejaa, la tatu akalipata kwa kugombania mlango. Kwake yeye safari ilianza nusu saa kabla kifaa hakijaandika chochote.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuupima mwendo wa jiji akiwa upande wa huyo abiria. Unaweza kuwa mwanafunzi wa mipango miji, mwandishi wa habari, mjumbe wa serikali ya mtaa, au mkazi aliyechoka kusikia kwamba foleni ni kubwa bila mtu kusema ni kubwa kiasi gani, saa ngapi, na kipande kipi cha barabara. Nitatumia mfano wa Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakopanda daladala, lakini hatua ni zilezile Mwanza, Mombasa au Kampala.

Wala huhitaji bajeti ya mradi mkubwa. Kuanzia 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani pamoja na kampuni ndogo ya Groupshot, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi na kurekodi ruti na vituo. Kazi hiyo iliitwa Digital Matatus. Januari 2014 ramani ya ruti zaidi ya 130 ilitolewa wazi kwa kila mtu, na mwaka 2015 msafiri wa Nairobi akaweza kutafuta matatu ndani ya Google Maps. Kifaa kikuu kilikuwa simu, na nguvu kazi ilikuwa watu waliokubali kukaa garini kutwa nzima.

Hatua ya 1: Uliza swali moja

Usianze kwa kukusanya. Anza na swali linaloweza kujibiwa kwa dakika, kwa idadi ya watu au kwa mita. "Usafiri wa Dar ukoje?" halipimiki. "Mtu anayetoka Tegeta kwenda Makumbusho asubuhi ya siku ya kazi hutumia muda gani, na muda huo unapotelea wapi?" linapimika, na ndilo nitakalolifuata hapa. Chagua ruti moja, kwa pande zote mbili. Nimeona watu wakianza na ruti kumi. Mwisho wa mwezi wana nusu ya kila moja na hawawezi kusema lolote la uhakika juu ya hata moja.

Hatua ya 2: Tayarisha simu

Simu yoyote ya Android yenye GPS inatosha. Pakua programu ya kurekodi njia. GPSLogger na OSMTracker zote ni za bure. Ziweke zirekodi nukta moja kila sekunde 5. Gari linalokwenda kilomita 20 kwa saa hukata mita 28 hivi katika sekunde hizo, na hilo linatosha kuona lilipopunguza mwendo na liliposimama. Ukiweka kila sekunde 30, kituo kizima kinaweza kupita bila kuonekana.

Kurekodi GPS hakuli bando, kunakula betri, kwa hiyo beba powabanki. Kisha nenda kwenye mipangilio ya simu uiondoe programu hiyo kwenye orodha ya zile zinazozimwa ili kuokoa chaji. Hili watu wengi hulijua baada ya kuumia: unashuka Makumbusho, unafungua faili, unakuta rekodi iliishia njiani, Afrikana, kwa sababu simu iliamua yenyewe kuifunga.

Anza kurekodi ukiwa bado nje, mahali peupe, dakika mbili au tatu kabla ya kupanda, ili simu ishike setilaiti vizuri. Mahali pa wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Katikati ya maghorofa ya Posta na Kariakoo hukosea zaidi, kwa sababu mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika, na njia yako itaonekana imepita juu ya paa za watu. Hilo ni la kawaida, tutalisafisha baadaye.

Na simu isikae mkononi dirishani. Vibaka wa foleni wanaijua kazi yao. Iweke kwenye mkoba mdogo wa kifuani, ukae upande wa dirisha. Bati la daladala hupunguza mawimbi lakini kioo huyapitisha.

Hatua ya 3: Elewaneni kuhusu saa

Hatua hii ni ndogo kwa maelezo, lakini ikikosewa inaharibu kila kitu, na sisi tunaosema Kiswahili tunaikosea kwa namna yetu ya pekee. Saa 1 asubuhi kwenye daftari la msaidizi wako ni 07:00 kwenye uso wa simu. Na faili la GPX, yaani faili la njia linalotoka kwenye programu, litaandika 04:00, kwa sababu faili hizo hutumia saa ya kimataifa ya UTC, na Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa 3. Tukio moja, namba tatu.

Hatari zaidi ni zile saa zinazoweza kusomwa huku na huku bila kushtua. Msaidizi ameandika "10:15". Je, ni saa kumi na robo jioni, wakati watu wanaanza kurudi nyumbani, au ni saa nne na robo asubuhi, barabara ikiwa imetulia? Ukiyachanganya hayo mawili, jioni yako itaonekana nyepesi na mchana wako mzito, na hakuna programu itakayokushtua kwamba kuna kosa. Kwa hiyo kabla ya kutoka, kubalianeni: daftarini zinaandikwa tarakimu nne kama zinavyoonekana kwenye simu, 16:15 na wala si 10:15. Mdomoni semeni mtakavyo. Saa za mkononi zote zilinganishwe na simu moja asubuhi hiyohiyo, kwa sekunde.

Hatua ya 4: Panda, lipa nauli, andika

Lipa nauli kama abiria mwingine, kisha mwambie konda unafanya nini. Ukikaa na daftari ukiandika kimya kila gari linaposimama, atadhani umetumwa na trafiki au LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na hapo mambo mawili yatatokea: utashushwa, au gari litaendeshwa kwa adabu ambayo si ya kila siku. Yote mawili yanaharibu kipimo. Mimi husema tu kwamba napima muda ambao watu wanapoteza barabarani, na mara nyingi konda mwenyewe ndiye anayeanza kunionyesha mahali muda unapopotelea. Wanajua. Wako pale kuanzia alfajiri.

Daftarini chora safu wima tano: muda, jina la kituo, waliopanda, walioshuka, maelezo. Jina la kituo liandike kama konda anavyolipigia kelele, wala si kama lilivyo kwenye kibao. Tangi Bovu ni Tangi Bovu. Jina likiwa mawili, andika yote mawili. Mahali ambapo gari lilisimama bila kuwa kituo pia paandike, maana abiria wa kweli wanapandia hapo, na ramani isiyopaonyesha haiwasaidii.

Safu ya maelezo ndiyo yenye thamani kuliko zote. GPS itaonyesha gari limesimama dakika 4, lakini haitasema kwa nini. Taa? Foleni? Trafiki ameita magari ya upande wa pili? Konda anagombana na abiria juu ya chenji? Gari linavizia abiria? Neno moja linatosha: taa, foleni, trafiki, chenji, kuvizia. Bila neno hilo utakaa mbele ya kompyuta baada ya wiki mbili ukikisia, na kila dakika iliyopotea utaitupia foleni.

Kuna mambo mawili ambayo lazima uyaandike kila yanapotokea. La kwanza ni kujaza. Gari liko kituo cha mwanzo, mpiga debe anaita, na halitoki mpaka lijae. Muda wa safari yako unaanza ulipokaa kwenye kiti, si magurudumu yalipozunguka. La pili ni kukatisha ruti: gari limeandikwa Tegeta, likifika njiani dereva anaona abiria wamepungua, anageuza. Abiria waliobaki wanashushwa na kuanza kusubiri upya. Kwenye rekodi ya gari hiyo ni safari fupi iliyokwenda vizuri. Kwenye maisha ya abiria ni safari iliyovunjika katikati, na kama hukuiandika, hakuna atakayejua kwamba ilitokea.

Ni safari ngapi zinatosha? Kwa ruti moja napendekeza angalau kumi kwa kila upande kwa kila kipindi: asubuhi, mchana na jioni, siku za kazi. Jumamosi na Jumapili ni jedwali lake. Mwezi wa Ramadhani saa za watu kurudi nyumbani husogea, usichanganye na miezi mingine. Siku ya mvua usiitupe kwa kudhani imeharibika, iweke alama. Anayeijua Jangwani, bonde la Dar linalofurika wakati wa masika, anaelewa kwamba siku za mvua ni sehemu ya jiji lenyewe.

Hatua ya 5: Simama kituoni

Hapa ndipo kazi nyingi za aina hii hupungukiwa. Watu wanapenda kupanda gari na kurudi na mstari mzuri kwenye ramani. Kusimama kituoni saa mbili juani, ukihesabu, hakuna picha ya kuonyesha. Lakini kusubiri ndiko kunakomchosha abiria, na hakumo kwenye faili la GPS.

Simama kituo kimoja cha katikati ya ruti kwa saa mbili. Kila gari la ruti yako likifika, andika muda, limebeba kiasi gani (viti vipo, wamesimama, limejaa, limepita bila kusimama), na watu wangapi wamebaki kituoni baada ya gari kuondoka. Basi.

Sasa angalia kwa nini hili ni muhimu. Tuseme katika saa moja yamepita magari 6. Kwa wastani ni gari moja kila dakika 10, na abiria anayefika kituoni wakati wowote angesubiri wastani wa dakika 5. Hiyo ni kweli ikiwa magari yamepangana sawasawa. Lakini daladala hufukuzana: mawili huja pamoja, kisha kimya. Tuseme pengo ni dakika 2, halafu 18, halafu 2, halafu 18. Bado ni magari 6 kwa saa, bado wastani wa pengo ni dakika 10. Ila abiria wengi zaidi hufika ndani ya lile pengo refu, kwa sababu tu ni refu. Hesabu yake: chukua kila pengo, lizidishe kwa lenyewe, jumlisha, kisha gawanya kwa mara mbili ya jumla ya mapengo. Yaani 2×2 ni 4, 18×18 ni 324, jumla 328. Mapengo yanajumlika kuwa 20, mara mbili yake 40. 328 gawanya kwa 40 ni 8.2. Kusubiri kumepanda kutoka dakika 5 hadi zaidi ya 8, na hakuna gari hata moja lililopunguzwa barabarani. Na hapo hatujagusa magari yaliyopita yamejaa, ambayo kwa aliye kituoni ni sawa na hayakuja.

Ukiwa na mtu wa pili unaweza kuongeza kipimo kizuri bila kupanda gari: mmoja Mwenge, mwingine Tangi Bovu, kila mmoja anaandika tarakimu tatu za namba ya gari na muda lilipopita. Mkikutana mnaoanisha tarakimu, na tofauti ya muda ni muda wa kipande hicho. Kwa saa moja mtapata vipimo vingi kuliko siku nzima ya kupanda. Mkimaliza kuoanisha, futeni namba za magari.

Miji yenye kadi za nauli hujipa sehemu ya taarifa hizi bila kusimamisha mtu, lakini nako kuna shimo. London abiria wa basi hugusisha kadi anapopanda tu, anaposhuka hagusishi. Watafiti hukisia aliposhuka kwa kuangalia alipogusisha kadi tena baadaye. Kwetu, nauli nyingi za daladala bado zinakwenda mkononi mwa konda, kwa hiyo jicho na kalamu ndivyo vihisi vyetu, na vinaona kushuka vizuri kuliko kadi ile.

Hatua ya 6: Safisha

Fungua faili zako kwenye QGIS, programu ya ramani ya bure. Kabla ya kupima umbali, geuza ramani itumie mita: kwa Dar es Salaam chagua mfumo wa UTM, unaoigawa dunia kwa kanda, kanda ya 37 Kusini. Kisha angalia kwa macho. Nukta zilizoruka kando ya barabara ziondoe.

Ukiona vituo vyako vimetokea Ethiopia, umesahau alama ya kutoa kwenye latitudo. Dar iko karibu na -6.8, kusini mwa Ikweta; bila alama hiyo unaruka kaskazini. Ukivikuta Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, umebadilishana latitudo na longitudo.

Hatua ya 7: Hesabu kwa namna isiyodanganya

Wastani peke yake usiuamini. Chukua mfano wa safari kumi za asubuhi, kwa dakika: 42, 44, 45, 47, 48, 50, 52, 55, 71, 88. Wastani wake ni 54.2. Safari ya katikati ni 49. Lakini mtu ambaye akichelewa anakatwa mshahara hapangi kwa 49 wala 54. Ili awahi siku tisa kati ya kumi, lazima atenge dakika 71. Zile dakika 22 kati ya 49 na 71 ni usingizi wake, ni chai ya watoto wake, na anazilipa kila siku hata siku ambazo barabara ni nyeupe, kwa sababu hajui ni ipi. Katika ripoti yako weka namba mbili, ya katikati na ya siku mbaya.

Kosa jingine liko kwenye mwendo. Gari limekwenda nusu ya njia kwa kilomita 40 kwa saa na nusu kwa 10. Usiseme wastani ni 25. Gawanya umbali wote kwa muda wote, utapata 16.

Kisha igawanye safari nzima kwa mafungu: kusubiri kituoni, kujaza, kutembea kwa gari, kusimama kwa kupakia na kushusha, taa na trafiki, foleni. Hapo ndipo lile neno moja la safu ya maelezo linapolipa. Ikionekana kwamba kusubiri na kujaza kunachukua muda mwingi kuliko foleni, basi kupanua barabara hakutamsaidia sana yule wa Lugalo, na una namba za kulisema hilo mbele ya mtu yeyote.

Hatua ya 8: Iweke kwenye umbo ambalo wengine watalisoma

Umbo linalotumika duniani kote kwa taarifa za usafiri wa umma linaitwa GTFS. Lilianza 2005 kwa ushirikiano wa Google na TriMet, shirika la usafiri la Portland, Oregon. Ni majedwali ya kawaida ya maandishi: stops.txt ni vituo, routes.txt ruti, trips.txt safari, stop_times.txt muda wa kila kituo, shapes.txt mstari wa barabara, na mengine machache. Ukijua kutumia jedwali la kompyuta, utaweza.

Liliundwa kwa mabasi yenye ratiba, na daladala haina ratiba. Usibuni ratiba ya uongo ili kujaza faili. Tumia frequencies.txt, ambamo unaandika kwamba kuanzia muda fulani hadi muda fulani gari hupita kila baada ya sekunde kadhaa, na kwenye exact_times unaweka 0, maana yake ni makadirio. Saa za eneo ziandike Africa/Dar_es_Salaam. Ukimaliza, ipitishe kwenye programu ya ukaguzi ya MobilityData, shirika linalotunza GTFS; itakuonyesha makosa mstari kwa mstari.

Hatua ya 9: Linda watu kabla ya kusambaza

Rekodi ya njia yako inaanzia mlangoni kwako. Kata mita mia kadhaa za mwanzo na za mwisho katika kila faili. Usiandike jina la konda, wala namba ya gari, wala sura ya abiria. Na usidhani kuondoa jina kunatosha: mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake, kwa taarifa za simu za watu milioni 1.5, walionyesha kwamba nukta nne tu za mahali na muda zilitosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote katika asilimia 95 ya watu hao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Zisome kabla hujaweka kitu mtandaoni. Kinachotakiwa kutoka nje ni jumla: muda wa kipande, pengo kati ya magari, idadi ya waliobaki kituoni.

Hatua ya 10: Rudi kituoni na karatasi

Chapisha ramani ya ruti na jedwali la muda kwenye karatasi kubwa, uende nayo kituo cha mwanzo, saa za mchana ambapo madereva wanapumzika wakisubiri zamu. Itandaze juu ya boneti au benchi la muuza kahawa. Usieleze sana, waache waisome. Watakuambia kituo fulani umekiandika upande usio wake, kwamba kile kingine kilihamishwa tangu barabara ichimbwe, kwamba Jumatatu asubuhi si sawa na Jumanne. Kila wanalosema andika kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi hiyohiyo, pamoja na tarehe. Kisha nenda kwa waliosimama kituoni, uwaulize kama dakika ulizoandika ndizo wanazozijua wao. Wakikataa, rudi hatua ya 5 usimame tena saa mbili, siku nyingine, kabla ya kupeleka chochote kwa halmashauri au kwenye ramani ya umma.